Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Ndugu msomaji, wahenga wametuachia msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wametusuta kwa msemo huo, wala hawakutusifu. Mtu akibeba chake, hupiga hatua kwa hadhari na kila jiwe la njiani huliona. Akibeba cha mwenziwe, hukiona chepesi, akakitupa huku na kukibwaga kule. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo, nalo ni ufundi wa kutengeneza makasha ya kuhifadhia na kusafirishia vitu vinavyovunjika upesi. Tukilitazama vizuri, tutaona kuwa ndani ya kasha pana habari ndefu ya amana.

Jambo hili lilinijia nikiwa Babati, mji ulio makao makuu ya mkoa wa Manyara. Dada yangu ameolewa huko miaka mingi, naye alirithi kwa bibi yetu sahani 12 za kaure. Binti yake alikuwa ameposwa Tanga, na ikaamuliwa sahani zile ziende kwake kabla ya harusi. Babati na Tanga si majirani. Ni kupanda hadi Arusha, kupita Moshi, kuteremka Korogwe na Muheza, ndipo uone bahari. Tukamwendea seremala mmoja, mtu mzima, ili atutengenezee kasha.

Nilidhani atatoa futi apime, kisha aanze kukata mbao. Badala yake alitukaribisha kitako akatuuliza maswali matatu. La kwanza: kitu chenyewe kikoje? La pili: kitapita njia gani, na mikononi mwa nani? La tatu: huko kiendako, ni nani atakifungua?

Dada yangu akacheka, akamwambia, "Fundi, sisi twataka kasha tu, mbona watuhoji kama karani wa forodha?"

Naye akajibu kwa upole, "Mama, kasha lisilo na majibu hayo ni kuni."

Ndugu msomaji, nimeyachukua maswali yale matatu nikayapima kwa tarikhi, nikaona kuwa yule mzee amesema kweli.

Tuanze na swali la kwanza, kitu chenyewe kikoje. Sahani ina nguvu ikisimama kwa ukingo wake kuliko ikilazwa chali. Ukizilaza kumi moja juu ya nyingine, ya chini hubeba uzito wa zote, na gari likiruka ndiyo ipasukayo kwanza. Ukizisimamisha kama vitabu rafuni, kila moja hujibeba. Tena yafaa kujua kwamba kinachovunja chombo ni kule kusimama kwa ghafula. Usufi, makumbi, nyasi kavu au maranda ya mbao kazi yake ni moja: kukirefushia chombo muda wa kusimama, ili nguvu ya pigo igawanyike. Na palipobaki uwazi, chombo hupata nafasi ya kukimbia, na kikikimbia hukutana na ubao.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1998 wavuvi wa Indonesia waligundua, karibu na kisiwa cha Belitung, mabaki ya jahazi lililozama zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Jahazi hilo lilikuwa la kushonwa kwa kamba pasipo misumari, kwa ufundi wa mabaharia wa Bahari ya Hindi ya magharibi, ule ule ambao sisi wa pwani twaukumbuka katika mtepe. Lilikuwa limetoka Uchina na shehena ya vyombo vipatavyo 60,000, vingi vikiwa bakuli, na moja katika hizo ina tarehe ya mwaka 826. Wapakizi walitwaa mitungi mikubwa, wakazipanga bakuli ndani yake kwa kuzizungusha, moja ikiegemea nyingine, hata mtungi mmoja ukabeba zaidi ya mia. Chombo kikawa kasha la chombo. Jahazi likazama, watu wakasahauliwa, lakini bakuli zilitolewa baharini nyingi zikiwa nzima. Kwa mapakizi ya namna hiyo, na mengine yaliyofuata baadaye, kaure za Uchina zilifika kwetu, zikapachikwa katika makaburi ya Kunduchi na Kaole, na vigae vyake vingali vikiokotwa Gedi.

Lakini kukijua chombo hakutoshi; yapasa kulijua na lile unalokifunikia. Kaskazini-magharibi ya Babati, katika wilaya ya Ngorongoro, pana mahali paitwapo Laetoli. Mwaka 1978 watafiti wa kundi la Mary Leakey walifukua hapo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, ambazo wataalamu wanazikadiria kuwa na miaka milioni 3.6. Nyayo haziingii sandukuni, kwa hiyo mwaka 1979 zilifunikwa kwa mchanga na mawe ili zihifadhike hapo hapo. Ikawa kama kasha la udongo. Kumbe ndani ya mchanga ule mlikuwa na mbegu za migunga! Zikaota, miti ikakua, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Ikabidi mwaka 1995 na 1996 wataalamu wa Tanzania wakishirikiana na taasisi ya Getty ya Marekani wafukue upya, waondoe mizizi, kisha wafunike kwa mchanga uliochekechwa na kitambaa maalumu cha kuzuia mizizi. Tujifunze hapo kwamba hata mlinzi huchunguzwa.

Swali la pili lilikuwa juu ya njia. Wenyeji wa Babati hawahitaji kufundishwa maana yake. Mji wao uko juu ya ile barabara kuu ya kaskazini iliyotoka Arusha ikapita Kondoa hadi Dodoma, na kwa miaka mingi kipande cha kwenda Dodoma kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwenye duka aliyeagiza vioo vya taa alihesabu na vile vitakavyofika vigae. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo kasha la kupita kule lilipasa kuwa na subira kuliko msafiri.

Lakini njia iliyotoa mtihani mkubwa kuliko yote katika nchi yetu iko kusini, huko Lindi. Kiasi cha kilomita 60 kutoka mji wa Lindi kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliiona hapo mifupa mikubwa iliyogeuka mawe, nayo ni ya wale wanyama wa kale waitwao dinosaria. Toka mwaka 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba pale, likiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig. Wachimbaji walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, katika nchi iliyokuwa imetoka punde tu katika msiba wa vita vya Maji Maji.

Fikiri, ndugu msomaji. Mfupa mmoja wa mkono wa mbele wa mnyama yule mkubwa una urefu wa zaidi ya mita mbili. Ni mzito kama jiwe, kwani ni jiwe. Na una nyufa kila mahali, hata ukiugusa vibaya humomonyoka. Gari hakuna, reli hakuna. Kuna kichwa na bega la mpagazi, ambaye desturi yake ni mzigo wa frasila mbili hivi, na njia ya miguu ya siku kadhaa hadi bandarini.

Basi wakafanya nini? Walitumia walichokuwa nacho. Mfupa ulipakwa udongo ukaushike. Kisha ikachukuliwa mianzi, ikapangwa kuuzunguka mfupa pande zote, ikafungwa kwa kamba, ikawa kama mtu aliyevunjika mguu akafungwa gango. Mwanzi ni mwepesi, hupinda bila ya kukatika, nao hugawanya pigo. Mifupa mirefu ilichukuliwa kwa vipande, na kila mahali pa kuchimbwa palipewa alama yake ili kule mbele vipande vijulikane asili yake. Mizigo mizito ilitungikwa kwenye miti, ikachukuliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Hapo ndipo zilipofika Lindi, zikatiwa ndani ya makasha ya mbao, zikapakiwa melini. Kwa njia hiyo zilisafirishwa tani zaidi ya 200.

Katika kazi hii lipo jina moja ambalo kila nyumba ya pwani ingepasa kulijua: Boheti bin Amrani. Yeye alikuwa msimamizi mkuu wa wafanyakazi na fundi wa kuitoa mifupa na kuisafisha. Wenye vyeo waliandika vitabu, wakasifiwa. Yeye na wenziwe waliacha kazi ya mikono yao. Ni mwaka 2007 tu ndipo mtaalamu mmoja wa Ujerumani alipomkumbuka, akampa mnyama mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Na ushahidi wa ufundi wa watu wale ungalipo: zaidi ya miaka mia baadaye, baadhi ya mafurushi ya mianzi yalikuwa bado hayajafunguliwa huko Berlin, na wataalamu wakayachungulia kwa picha za eksirei bila ya kukata kamba. Mifupa mingine ilisimamishwa mwaka 1937 ikawa mnyama mzima mwenye kimo kikubwa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto ilishushwa ikafichwa chini ya jengo, ikasimamishwa tena mwaka 1953. Safari ya Lindi ilikwisha, lakini kazi ya kuilinda haikwisha.

Hapa twafika kwenye swali la tatu, ambalo ndilo zito: ni nani atakifungua? Maana kasha zuri haliulizi. Litalinda kilichomo, kiwe kinapelekwa kwa mwenyewe au kinaondolewa kwa mwenyewe. Wale waliofunga mianzi Tendaguru walifanya kazi ya uaminifu, lakini hakuna aliyewauliza wala kuwauliza wazee wa nchi kama vitu vile viende. Vilifunguliwa na wengine, vikatazamwa na wengine. Maneno ya kutaka virudi yamesemwa mara nyingi, hata bungeni. Na mifupa ingali Berlin.

Lipo kasha jingine ambalo tarikhi yake ni tofauti. Mwaka 1924 Waingereza nao walikwenda kuchimba Tendaguru, na miongoni mwao alikuwamo kijana aliyezaliwa Kenya, Louis Leakey. Miaka 35 baadaye, tarehe 17 Julai 1959, mkewe Mary aliona fuvu la kale huko Olduvai, lile lililoitwa Zinjanthropus. Lilikuwa limevunjika vipande mamia, vikaunganishwa kimoja kimoja. Kisha likasafiri: likapelekwa kwenye mkutano wa wataalamu Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, na baadaye Johannesburg kwa Profesa Phillip Tobias alichunguze. Na Profesa Tobias alipokwisha kulichunguza hakulizuia. Mwaka 1965 fuvu lilirudishwa Tanzania, na leo limo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ni kitu chepesi cha kushikwa mkononi, dhaifu kuliko yai, nalo lilikwenda na kurudi.

Basi tofauti ya makasha haya mawili ni nini? Ufundi ulikuwa mwema pande zote. Tofauti ilikuwa katika nia ya yule aliyelipokea kasha. Amana ina ncha mbili, ndugu msomaji: kukilinda kitu kisivunjike, na kukirejesha kwa mwenyewe. Aliyetimiza ya kwanza akaiacha ya pili amefanya nusu ya kazi, hata kama kitu chenyewe hakina ufa.

Na sisi majumbani mwetu, tunapoombwa kumpelekea mtu mzigo wake, mara ngapi tumeutia chini ya kiti, tukauwekea miguu, na tulipoufikisha tukasema kwa wepesi, "Umepasuka njiani"? Au mara ngapi tumeazimwa sufuria ya karamu, tukaihifadhi vizuri mno, hata mwaka ukapita haijarudi kwa jirani? Tusijidanganye kuwa mambo haya ni madogo. Watu huacha kuaminiana kwa sahani moja kabla hawajaacha kuaminiana kwa shamba.

Yule seremala wa Babati alitengeneza kasha ndani ya kasha. Sahani 12 zilisimamishwa, kila moja na kitambaa chake, na baina ya kasha la ndani na la nje akajaza maranda yaliyokauka vizuri, baada ya kuyaanika juani siku mbili na kuyachambua kwa vidole. Kifuniko hakukipiga misumari; alikifunga kwa skrubu, akasema kuwa mwenye kufungua asihitaji nyundo karibu na kaure. Juu yake akaandika kwa rangi jina la binti na jina la baba yake, herufi kubwa, kila upande.

Siku ya tatu simu ya dada yangu ililia. Hakuwa binti wa Tanga, alikuwa seremala. Alikwisha lipwa fedha zake zote, wala hapakuwa na deni baina yetu. Alitaka kujua kama zimefika, na ni nani aliyezifungua.