Vichwa Visivyouzwa

Koliflawa ya Ulaya hungoja baridi ndipo ifunge kichwa. Mwaka 1822 mbegu zake zilifika Saharanpur, India, kutoka Uingereza, zikakutana na joto na unyevu. Vitabu humtaja Dakta Jemson, msimamizi wa bustani ya Kampuni ya India Mashariki, kuwa ndiye aliyezileta. Mimi nawawazia zaidi wakulima wasiotajwa. Msimu hadi msimu waliiacha shambani miche iliyowahi kufunga kwenye joto, itoe maua na mbegu. Kichwa kilichoachiwa mbegu hakiuzwi wala hakiliwi, nao walikuwa wakiacha vile vilivyo bora! Karne nzima ikapita hivyo. Mwaka 1929 kampuni ya mbegu ya Sutton ikatoa aina nne za Kihindi, zikaitwa kwa majina ya miji: Patna na Benares.