Kalamu ya Mafundi wa Kiini

Ken Thompson alipoanza, mwaka wa 1969, kuunda kiini cha mfumo ambao baadaye uliitwa Unix, katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, kompyuta ndogo ya PDP-7 aliyoipata haikuwa na nyenzo za kuiandikia programu, ikamlazimu azitayarishe katika mashine kubwa ya GE na kuzihamisha kwa utepe wa karatasi uliotobolewa. Na taabu hiyo haikukoma ila alipotunga, sambamba na kiini chenyewe, kihariri cha kuandikia na asembla ya kugeuza maandishi kuwa amri za mashine. Tangu asili, basi, kihariri kilikuwa sharti la uhuru wa mfumo, wala hakikuwa pambo lake.

Kihariri cha ed cha Unix hiyo kilitumika kwa teletaipu, mashine iliyochapa polepole juu ya karatasi, na mtu akikosea kilimjibu kwa alama ya kuuliza peke yake. Wako walioona huo ni ufidhuli, ilhali mimi nauona ni iktisadi, maadamu kila herufi ilikuwa na gharama ya wakati. Skrini zilipoenea, Bill Joy wa Berkeley alitunga kihariri cha vi. Na Bram Moolenaar, Mholanzi, akatoa kihariri cha Vim mwaka wa 1991.

Mwaka huo huo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza Linux, kiini kilichoanza kwa prosesa ya 386 pekee, lakini kilipoongezewa jamii nyingine za prosesa mushkili mpya ulizuka, kwani jina moja la kazi (function) liliweza kufasiliwa katika mafaili kadhaa, kila moja sahihi kwa mashine yake. Programu za ctags ya Berkeley na cscope ya Bell zilimwonyesha fundi mahali jina lilipofasiliwa, ila hazikuweza kumbainishia ni fasili ipi hasa inayoingia katika kiini anachokijenga yeye. Siri hiyo inayo kompaila, programu inayogeuza chanzo kuwa amri za mashine, ambayo hupewa masharti ya kila faili wakati wa ujenzi. Na ndiyo sababu chanzo cha Linux sasa kina programu ndogo inayokusanya amri za kompaila zenye masharti hayo katika faili la compile_commands.json, ambalo programu saidizi ya clangd hulisoma na kukiongoza kihariri pasipo kubahatisha.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuanza, ziache rangi na mapambo: chagua kwanza usanidi wa kiini, ukijenge mpaka mwisho, ndipo ukiandae kihariri chako.