Maficho Yaitwayo Maajabu

Ili pawe na ajabu ni lazima kwanza pawe na mgeni. Mvuvi wa Nungwi hasimami kustaajabia maji kupwa na kujaa, maana hiyo ndiyo saa yake ya kazi; lakini mtu aliyezaliwa katika milima ya Mbinga, akifika pwani kwa mara ya kwanza, aweza kukaa kutwa nzima akiitazama bahari inavyoukimbia ufuo na kuurudia. Wahenga walituambia tembea uone. Hawakutuahidi kwamba kila kionwacho kitakuwa kimeeleweka.

Siku hizi wasafiri wapendao mambo ya siri huelekezwa hata mkoa wa Ruvuma, kusini-magharibi mwa Tanzania. Huambiwa kuna jiwe lenye sura ya kiumbe lililosimama majini, kuna mapango ya kutisha, kuna miteremko iliyotobolewa mashimo mithili ya sega la nyuki, na kuna mawingu yanayoinuka ziwani pasipo mvua. Yote hayo yapo. Makala haya yataka kupita huko pamoja na msomaji, na kila tutakaposimama tuulize swali moja tu: mwenyeji wa hapa alipaona vipi? Jibu lake latuhusu sisi watu wa visiwani kuliko tunavyodhani.

Kutoka Songea hadi mji wa Mbinga ni mwendo wa kiasi cha kilomita 100 kuelekea machweo, katika nchi ya vilima na mibuni. Kutoka Mbinga barabara huteremka kilomita zisizofika 70 hadi Mbamba Bay, penye maji. Mwambao huo ulikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga mpaka mwaka 2012, ilipoundwa wilaya mpya ya Nyasa. Juu mlimani ndiyo nchi ya Wamatengo. Chini ziwani wako Wanyasa, Wampoto na Wamanda.

Jina la ziwa lenyewe lina kisa chake. Katika lugha ya Wayao na baadhi ya majirani zao, nyasa ni neno la maji makuu, yaani ziwa. Hivyo sisi tusemapo Ziwa Nyasa twasema ziwa la ziwa, kama mpita njia aliyeuliza jina la kitu akajibiwa kitu chenyewe. David Livingstone alifika kwenye ziwa hilo Septemba 1859, akaliandika neno hilo katika ramani, nalo likadumu. Uso wa maji yake uko mita 470 na kitu juu ya bahari, lakini kina chake hufikia mita 700. Maana yake ni kwamba sakafu ya ziwa hilo la bara, mbali kabisa na pwani, iko chini ya usawa wa bahari yetu kwa zaidi ya mita 200.

Na yale mawingu? Humo ziwani wamo vijidudu vidogo mno ambavyo huishi majini katika utoto wao, kisha hupanda juu kwa pamoja, kwa mamilioni, wakageuka mbu wasiouma na kuruka. Ukiwa mbali utadhani meli inaungua, maana huinuka nguzo nyeusi ya moshi hadi mbinguni. Wenyeji huita nkungu. Upepo ukiwaleta pwani, watu huwakusanya, huwaponda na kuwafanya mikate ya kitoweo. Livingstone alionjeshwa mkate huo na akaandika kwamba jina lake lina maana ya wingu au ukungu. Mfasiri akilisikia neno hilo hutabasamu, kwa kuwa ukungu wa Kiswahili na nkungu ya Nyasa ni ndugu wa tumbo moja. Basi ajabu ya kwanza imetufunulia undugu wa maneno. Zinazofuata zitatufunulia undugu mwingine, ulio mzito zaidi.

Kaskazini ya Mbamba Bay, katika ufuo huohuo, iko Liuli. Mlangoni mwa ghuba yake umesimama mwamba mkubwa ambao, ukitazamwa kutoka upande fulani, wafanana na mnyama aliyelala akiwa ameinua kichwa. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliutazama wakakumbuka lile sanamu la kale la Misri, lenye uso wa mtu na kiwiliwili cha simba, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx. Waarabu huliita sanamu hilo la Misri Abul-Haul, baba wa kitisho. Lakini wenyeji wa Liuli walikuwa na jina lao kabla ya Mjerumani kufika: waliuita mwamba huo Pomonda, na wanauita hivyo hadi leo.

Jina la Sphinxhafen liliingia katika historia ya dunia kwa kisa cha karibu na kichekesho. Wajerumani walikuwa na meli moja ziwani, Hermann von Wissmann, iliyofikishwa huko mwaka 1893. Ilipewa jina la yule yule aliyewapiga wenzetu wa pwani katika vita vya Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Waingereza nao walikuwa na yao, Guendolen. Manahodha wa meli hizo mbili, Berndt na Rhoades, walikuwa marafiki walionywa pamoja kila walipokutana. Agosti 1914, vita vikuu vilipozuka Ulaya, habari ilimfikia Rhoades kwanza. Akavuka ziwa, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu hapo Liuli ikitengenezwa, akaipiga mzinga. Berndt akaruka ndani ya mashua ndogo na kupiga makasia kwa hasira kumwendea rafiki yake, akimuuliza kama amelewa. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba nchi zao zinapigana na kwamba yeye ni mateka. Huko London gazeti likaitangaza habari hiyo kuwa ni ushindi wa majini.

Msafiri husimuliwa kisa hicho, hucheka, hupiga picha, kisha huondoka. Lakini mwamba ulikuwa na kisa chake cha kale kuliko cha manahodha, na ndicho wazee wa Liuli wanachokianza wakiulizwa. Pomonda una upenyo na nafasi ndani yake, na watu wa ufuo huo walijificha humo zilipokuja siku za kuwindwa.

Nani aliyekuwa akiwinda? Hapa kalamu ya mtu wa visiwani haina budi kwenda polepole. Karne ya 19 ilipofika katikati yake, njia kubwa ya misafara ilikuwa imekwisha kufunguka kutoka Nyasa hadi Kilwa. Upande wa magharibi wa ziwa, Nkhotakota, alikaa Mswahili aliyetoka huku kwetu, Salim bin Abdallah, aliyeitwa Jumbe, naye alikuwa na majahazi yake ziwani. Watu walivushwa maji hadi ufuo wa mashariki, wakaunganishwa kwa minyororo na panda za miti, wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa Kivinje, na huko wakapakiwa kuletwa Unguja. Katika biashara hiyo walikuwamo wafanyabiashara wa Kiyao, waungwana wa pwani, Waarabu, na wakuu wa bara waliouza mateka wao. Rigby, balozi wa Uingereza hapa Unguja, alimweleza Livingstone kwamba watu 19,000 kutoka nchi ya Nyasa pekee walipita katika forodha ya kisiwa hiki kila mwaka. Na wale walioanguka njiani hawakuhesabiwa forodhani.

Tupande sasa mlimani, maana huko nako hofu ilifika, ingawa ilitoka upande mwingine. Wangoni, waliosafiri vizazi viwili kutoka kusini ya mbali, waliweka makao katika nchi ya Songea katikati ya karne hiyo. Walikuwa hodari wa vita, na walioishi jirani yao waliyaacha mabonde. Wamatengo wakapanda juu na kujibana katika miamba na mapango ya Litembo, mahali ambapo adui huonekana kabla hajafika. Iko pia Mbuji, katika wilaya hiyohiyo ya Mbinga, penye jiwe kubwa mno lililosimama peke yake. Simulizi za huko husema kwamba nalo lilikuwa kimbilio, na kwamba si mahali pa mtu kupanda ovyo pasipo wazee kuarifiwa. Mgeni huiita hiyo siri au uchawi. Kwangu mimi ni adabu inayoeleweka: mahali palipowafunika watu wakapona hapachezewi.

Ila watu waliojibana mlimani walipaswa kula. Mteremko ni mkali, mvua ni kubwa, na udongo ukifunguliwa kwa jembe la kawaida huteremka wote bondeni. Hapo ndipo ilipostawi ile kazi inayomfanya msafiri aduwae akiitazama kutoka barabarani: ngoro, ambayo Wamatengo huita ingolu. Mvua zikielekea ukingoni, kama mwezi wa Machi, wanaume hufyeka nyasi, na zikinyauka huzipanga kwa mistari inayokatana, hata mlima mzima ukawa miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi, wakapanda maharage katika matuta yanayozunguka shimo. Msimu unaofuata hupanda mahindi. Nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Shimo hulimeza lile tone ambalo lingeuchukua udongo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walikuja kuusoma ufundi huu, wakaona kwamba umeuwezesha mlima kulimwa kwa zaidi ya karne moja bila ya kuuawa. Elimu hiyo haikuandikwa na mtu yeyote. Iliandikwa ardhini, na watu waliokuwa wamekimbia.

Sasa turudi njia ya Kilwa, lakini safari hii tuifuate kwa kinyume. Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alilifunga soko la watumwa la Unguja, na mahali pale likajengwa kanisa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyetunga vitabu vya kujifunzia lugha yetu, aliondoka na kundi la watu waliokombolewa, waliokuwa wakikaa Mbweni. Nia ilikuwa kuwarejesha Nyasa walikotoka wengi wao. Hawakufika. Walipofika Masasi, chini ya milima ya mawe iliyosimama kama ngome, walisema hapa panatosha, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka. Fikiri habari ya mtu aliyetekwa Nyasa akiwa mtoto, akauzwa Unguja, akakombolewa, akarudi hadi nusu ya njia, akatekwa tena.

Mmoja wa wamisionari wa mwanzo wa Masasi, William Percival Johnson, aliendelea hadi ziwani na kukaa huko zaidi ya miaka 40. Jicho lake moja lilikufa na la pili lilikuwa likiona kwa shida. Na kwa jicho hilo aliifasiri Biblia katika Kinyanja. Tusiokuwa wa dini yake twaweza kumheshimu kwa kazi hiyo, kwa kuwa afasiriye ajua uchovu wa kutafuta neno moja usiku kucha hata kwa macho mawili mazima. Alifariki mwaka 1928, na kaburi lake liko Liuli, karibu na Pomonda. Waumini hulizuru.

Basi kwa atakaye kwenda, njia ipo. Apite Mbinga asubuhi aione ngoro kabla jua halijafuta vivuli vya mashimo. Litembo na Mbuji atafute mwenyeji wa kumwongoza. Liuli akodi mtumbwi, auzunguke mwamba taratibu.

Na kama msafiri huyo ametoka Unguja, Pemba au Kilwa, yampasa kukumbuka jambo moja zaidi. Wako kati yetu wengi ambao nasaba zao, zikifuatwa nyuma vizazi vinne au vitano, hufikia neno moja tu, Mnyasa, kisha hukatika. Hakuna kijiji, hakuna jina la babu. Neno hilo liliandikwa katika sensa za wakati wa Mwingereza, na baadaye wengi waliliacha kwa sababu halikuwaletea heshima. Watu hao hawakutoka katika ajabu. Walitoka katika ufuo huo na milima hiyo. Atakapoufikia Pomonda asianze kuuliza kama kweli unafanana na simba wa Misri. Awaulize wazee ni nani waliowahi kuingia ndani siku ile, na ni nani waliochelewa. Waliowahi ndio babu za hao wazee. Waliochelewa ndio waliokuja kwetu.