Kutoka Kazeh hadi Uhuru: Upimaji wa Anga katika Afrika ya Mashariki na Suala la Rangi za Infraredi za Galaksi Zenye Viini Hai

Makala haya yanajadili nafasi ya Afrika ya Mashariki katika historia ya swali moja la falaki: je, mng'ao wa infraredi wa galaksi zenye viini hai hutokana na viini vyenyewe au na nyota changa zinazozaliwa katika diski zake? Hoja ya msingi ni kwamba eneo hili limetoa njia, nguvukazi na mahali pa kupimia, ilhali tafsiri ya vipimo imefanyika kwingine.

Igalula iko mashariki ya Tabora, takriban digrii 5 kusini ya ikweta, kando ya Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912. Kabla ya reli, misafara ya pwani ilipita katika nchi hii ikielekea Kazeh na Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh mwezi Novemba 1857. Speke alipima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho ili kupata latitudo za vituo vya safari. Mizigo, pamoja na ala za kupimia, ilichukuliwa na wapagazi. Naye Sidi Mubarak Bombay aliandamana na Speke hadi Ziwa Nyanza mwaka 1858. Vipimo vilipelekwa London, vikageuzwa kuwa ramani. Majedwali yalihifadhi nyota na tarakimu; waliozifikisha ala mahali pa kupimia hawakuwa na safu yao.

Mgawanyo huo wa kazi ulijirudia karne iliyofuata. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na wataalamu wa Italia kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Mahali hapo palikuwa na sababu ya kifizikia: mzunguko ulio karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zenye nishati zilizonaswa na ugasumaku wa dunia, ambazo huvuruga vipimo vya eksirei. Mzunguko wa Uhuru uliinama takriban digrii 3 tu. Kwa hiyo ilipita kaskazini ya Igalula, ikiwa juu ya upeo wa macho wa eneo hilo, zaidi ya mara 10 kila siku. Miongoni mwa vyanzo ilivyoorodhesha imo NGC 4151, mojawapo ya galaksi alizozieleza Carl Seyfert mwaka 1943.

Hata hivyo, eksirei zilithibitisha nguvu ya kiini bila kueleza hali ya diski. Hatua iliyofuata ilitokana na IRAS, setilaiti ya Marekani, Uholanzi na Uingereza iliyopima anga mwaka 1983 katika mikromita 12, 25, 60 na 100. Vumbi hufyonza mwanga na kuutoa tena kama infraredi. Vumbi lililo karibu na kiini hupata joto zaidi, hivyo mchango wake huonekana wazi katika mikromita 25. Vumbi la mawingu yanayozaa nyota ni baridi zaidi, na hung'aa sana katika mikromita 60 na 100. Rangi, kwa maana hii, ni uwiano wa mng'ao kati ya mikromita hizo. Kwa uwiano huo, watafiti wa miaka ya 1980 walijenga hoja kwamba katika galaksi nyingi za Seyfert, infraredi ya mbali hutokana kwa sehemu kubwa na uzazi wa nyota. Aghalabu IRAS haikuweza kutenganisha kiini na diski kwa picha. Rangi ndiyo iliyobeba ushahidi.

Hapa ndipo historia hii inapotofautiana na ile ya Kazeh. Orodha ya IRAS iko wazi kwa yeyote, na uwiano wa rangi hukokotolewa kwa hesabu ya kugawanya. Mwanafunzi wa Tabora anaweza kuijaribu upya hoja ya diski bila kurusha chombo chochote. Kinachohitajika ni mafunzo ya falaki na istilahi thabiti za Kiswahili. Pasipo hivyo, Afrika ya Mashariki itaendelea kutajwa katika historia ya sayansi hii kama njia na jukwaa tu.