Januari 2015: kifungu cha 8

Wasomi wenzangu, tukumbuke ile Januari 2015. Tarehe 17, Baraza la Taifa lilipitisha sheria ya uchaguzi: kifungu cha 8 kilifunga kura ya rais kwenye hesabu ya raia wote. Hesabu hiyo ingechukua miaka, na Kabila angebaki tu.

Tarehe 19, wapinzani, mashirika ya raia na wanafunzi waliingia barabarani Kinshasa, Goma na Bukavu. Intaneti ikakatwa, watu wakauawa. Kardinali Monsengwo akakemea.

Tarehe 23 Seneti ikageuza kifungu. Tarehe 25 kikatoka kabisa.

Njo kusema, kalamu ilitosha kukiondoa. Wabunge wangesikiliza raia mbele ya kura, pasingekuwa makaburi. Basi tusome miswada mapema, tuwaulize wabunge wetu mapema.