Idi na Hesabu ya Miezi ya Waswahili

Yameandikwa mengi juu ya Idi-el-Fitri kama sikukuu ya dini, lakini machache juu ya nafasi yake katika hesabu ya miezi. Katika kalenda ya Hijria mwezi wa kwanza ni Muharam. Waswahili wa pwani, kwa upande wao, walianza kuhesabu tangu siku ya kufungua saumu: Shawali wakauita Mfunguo Mosi, Dhulkaada Mfunguo Pili, na kadhalika hata Mfunguo Kenda, yaani Jumada ya pili. Rajabu, Shaabani na Ramadhani ndiyo miezi mitatu tu iliyobaki na majina ya Kiarabu.

Majina haya ni ushahidi wa historia. Mosi, pili na kenda ni maneno ya Kibantu, ilhali sita na saba ni ya Kiarabu, yaliyoshika nafasi ya tandatu na fungate. Kenda imekwisha kuondolewa na tisa katika usemi wa kila siku, bali jina la mwezi limeihifadhi.

Msomaji wa waraka wa kale akidhani kwamba Mfunguo Sita ni mwezi wa sita wa Hijria, atakosea kwa miezi mitatu, kwani huo ni mwezi wa tatu, mwezi wa Maulidi. Tena wapo waandikao "mfungo sita". Mfungo ni saumu yenyewe. Mfunguo, wenye kiambishi -u- cha kutendua, ni kumalizika kwake. Tukiidondosha herufi hiyo, tumeiondoa Idi katika jina la mwezi.