Bangi na Ukungu

Katika mwaka wa 1753 Carl Linnaeus, bingwa wa elimu ya mimea wa Sweden, aliuandika mmea wa bangi kwa jina la Cannabis sativa. Mmea aliouzoea ni ule uliolimwa Ulaya kwa ajili ya nyuzi za kamba na matanga. Miaka 32 baadaye, Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck alitazama mimea iliyoletwa kutoka Bara Hindi. Aliona shina lake ni gumu, ganda lake ni jembamba lisilofaa kutoa nyuzi, na harufu yake ni kali. Akahukumu kuwa huu ni mmea mwingine, akauita Cannabis indica. Jina hilo lilikuwa na haki yake, kwani hata neno bangi la Kiswahili lina asili katika lugha za huko Bara Hindi, nalo lilivuka bahari ile ile iliyoleta vitambaa na shanga.

Lakini majina huhama kama watu wahamavyo. Indica ya Lamarck ilikuwa na majani membamba, hali indica inayotajwa na wakulima wa leo ni mmea mfupi, mnene, wenye majani mapana na ya kijani kilichoiva, na kwao ni Afghanistan. Mrusi Nikolai Vavilov alisafiri nchi hiyo mwaka wa 1924 akaieleza mimea yake. Mwaka wa 1971 Richard Evans Schultes wa chuo kikuu cha Harvard alikwenda kuitazama kwa macho yake, na mwaka wa 1974 yeye na wenzake wakaandika kwamba jamii za bangi ni zaidi ya moja. Ubishi huo haukubaki katika maktaba. Sheria za Marekani zilikuwa zimeitaja Cannabis sativa peke yake, na mawakili wakasimama mahakamani kudai kwamba mteja wao alikutwa na indica, isiyokatazwa na mtu. Mahakama nyingi zilikataa hoja hiyo, na pengine zilikuwa na busara kuliko wataalamu. Maana watunga sheria walikusudia kukataza kileo, si kuamua ugomvi wa Kilatini.

Kwa nini mmea wa milima mikavu ya Asia utafutwe na wakulima wa pwani ya baridi, upande wa pili wa dunia? Jawabu limo katika urefu wa mchana. Bangi haichanui kwa umri wake tu. Hungojea usiku urefuke. Mbegu iliyozoea nchi za karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, haina sababu ya kuharakisha. Ikipandwa kaskazini, ambako mchana wa mwezi wa Juni hufika saa 15, hurefuka tu wala haitoi ua, na ikianza kuchanua huwa baridi imekwisha piga hodi. Afghanistan nayo iko mbali na Ikweta, na majira yake ya baridi ni makali. Mkulima wa huko alipata mbegu kwa mmea uliowahi kukomaa, na kwa vizazi vingi uwahi huo ukawa tabia.

Sasa tuitazame California ya kaskazini, katika wilaya za Humboldt na Mendocino. Huko bahari ni baridi hata wakati wa kiangazi, na ukungu wake hupanda mabondeni na kuinywesha miti mirefu ya mbao nyekundu, ambayo baadhi yake hupita mita 100. Mvua huadimika tangu Juni, kisha hurudi kwa nguvu katika Oktoba na Novemba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na baada yake, vijana walioyachoka maisha ya mijini walinunua ardhi ya bei nafuu huko, nyingi yake ikiwa imekwisha katwa miti. Wengi walipanda mbegu walizozikuta katika bangi ya kununua, iliyotoka Mexico, Colombia na Thailand. Mimea ilimea vizuri, ikapita vimo vya watu, kisha mvua ikaikuta bado haijaiva. Kazi ya mwaka mzima iliozea shambani, na kwa jamaa ambao hawakuwa na zao jingine la kuuza, hilo halikuwa jambo la mzaha.

Mbegu za Afghanistan zilifika katika miaka ya 1970 mikononi mwa wasafiri waliopita njia ya nchi kavu kutoka Istanbul hadi Kabul na Bara Hindi, kabla njia hiyo haijafungwa na misukosuko ya Iran na Afghanistan ya mwaka wa 1979. Zao la mbegu hizo liliwahi kuiva, hata Septemba. Ufupi wake nao ulifaa kujificha. Tena bei ilikuwa nzuri: katika mwaka wa 1978 wavutaji wa Marekani waliingiwa na hofu kwa sababu mashamba ya Mexico yalikuwa yakinyunyiziwa sumu ya paraquat, nao wakaitafuta bangi ya kwao.

Hata hivyo mgeni huyu alikuja na udhaifu wake. Kiswahili huuita kwa neno moja, ukungu, ule mvuke unaofunika mlima asubuhi na ule uozo unaotambaa juu ya mkate. Na mkulima wa pwani ile angelikubali upesi kuwa lugha imeona sawa. Kuvu iitwayo Botrytis cinerea, adui wa zamani wa zabibu, hupenda ubaridi na unyevu. Maua ya indica hushikana kama ngumi. Katika hewa kavu ya Afghanistan mshikamano huo haukudhuru kitu, na ulizidisha utomvu uliotakiwa kwa kutengenezea charasi. Pwani, unyevu ulioingia katikati ya shada haukupata njia ya kutoka. Shada lilionekana zima kwa nje, kumbe ndani limekuwa kijivu. Mmea wa kitropiki, wenye maua yaliyoachana, ulistahimili unyevu lakini ulichelewa. Wa Afghanistan uliwahi, lakini uliuogopa.

Basi wakulima wakaichanganya. Mchanganyiko uliopata sifa kuliko yote ni ule ulioitwa Skunk No. 1, wenye damu ya Afghanistan, Mexico na Colombia. Mapema katika miaka ya 1980 mbegu zake zilipelekwa Uholanzi, nchi nyingine ya pwani ya baridi, na kutoka huko zikatawanyika duniani. Kazi hii ya kuchagua mbegu ilifanywa bila maabara na bila ruhusa, na watu ambao wengi wao hawakuthubutu kuweka daftari. Kwa hiyo nasaba za mimea mingi zimebaki masimulizi.

Tangu mwaka wa 1983 helikopta za serikali zilizunguka juu ya milima kila majira ya mavuno, zikawasukuma wengi kulima ndani ya nyumba, chini ya taa, ambako hakuna Oktoba. Sheria ya California iliruhusu bangi kwa wagonjwa mwaka wa 1996, na kwa watu wazima wote mwaka wa 2016. Waliobaki shambani walijifunza kuyafunika mabanda yao kwa maturubai meusi kabla jua halijatua, ili mmea udhani usiku umerefuka. Wakavuna katikati ya kiangazi, mvua ikiwa bado mbali. Kwa turubai hilo hata mbegu iliyochelewa ikaweza kuwahi. Kisha, tangu mwaka wa 2021, bei ikaporomoka kwa wingi wa mazao ya mashamba makubwa, na katika vilima vya Humboldt yako mabanda yaliyoachwa wazi, maturubai yake yamekunjwa kando.